Moto Hafifu, Harufu na Masizi: Kutafuta Chanzo cha Tatizo kwenye Gesi ya Jiko la Nje

"Fundi, grili imekufa." Simu ya namna hii naipata zaidi Jumamosi mchana, wageni wakiwa wameshafika na nyama imeshakolea ndimu. Nikifika, mara nyingi grili ni nzima. Ubovu uko mita kumi nyuma yake: kwenye regulata (kile kifaa kinachopunguza presha ya gesi inayotoka mtungini), kwenye mpira, kwenye kiungo kilichokazwa nusunusu, au kwenye bomba jembamba lililowekwa na mtu aliyepima urefu wa ukuta bila kuuliza jiko linakula gesi kiasi gani. Wakati huo mwenye nyumba ameshanunua nozeli mpya (kijitundu kinachopima gesi inayoingia kwenye moto), mwingine hata grili ya pili, na moto ni ule ule.

Nitaeleza kwa utaratibu ninaoufuata mwenyewe: dalili kwanza, kisha naifuata gesi kutoka mtungini hadi pale inapowaka. Majiko ninayoyazungumzia ni haya tunayojenga uani na kwenye baraza: kaunta ya matofali yenye grili, pengine pleti ya pembeni na fraya ya chipsi, yakilishwa na mtungi wa kilo 15 (Kenya kilo 13) au mitungi miwili mikubwa nyuma ya ukuta.

Unasikia harufu

Hapa hatuchunguzi kwanza. Tunafunga vali ya mtungi, tunafungua milango yote ya kabati la kaunta, watu wanasogea upande upepo unakotokea. Usiwashe taa wala usiizime, kwa sababu swichi hutoa cheche pande zote mbili. Simu ipigiwe mbali. Kama harufu haipungui au vali haifungi, Tanzania Zimamoto ni 114, Kenya ni 999.

Watu huniambia, "Si tuko nje? Itapeperuka." Kauli hiyo inanitia hofu kuliko mtungi wenyewe. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa. Propani karibu mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi. Inateremka kama maji na kutafuta shimo. Sasa litazame jiko lako la nje: chini ya kaunta kuna kabati, kabati lina mlango unaobana vizuri kwa sababu hukutaka panya, na mtungi umo ndani. Asilimia 2 ya gesi hewani inatosha kushika moto. Kwenye kabati la mita moja ya ujazo, hiyo ni gesi isiyofika gramu 50. Anayekuja kuwasha grili asubuhi anasimama mbele ya mlango huo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta tundu linalovuja, tazama kabati. Liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, pande mbili zinazotazamana, na mengine juu. Mimi huacha nafasi ya nusu tofali kila upande na kuweka wavu wa chuma. Afadhali zaidi mtungi usikae humo kabisa: usimame nje ya kaunta, wima, kwenye kivuli, mita moja au zaidi kutoka mlango na dirisha, na mita mbili kutoka chemba ya maji machafu. Gesi iliyoingia kwenye chemba husafiri usikokujua.

Kisha povu. Sabuni ya maji kidogo kwenye kikombe cha maji, brashi laini, fungua mtungi huku jiko limezimwa, na upake kila kiungo taratibu. Mapovu makubwa huonekana mara moja. Yale madogo, meupe, yanayokua polepole kama ukungu wa mkate, yanataka usubiri dakika nzima ukiyatazama. Anza na mdomo wa vali ya mtungi. Mitungi mingi ya kubana regulata ina pete nyeusi ya mpira ndani ya mdomo huo; ikiwa imepasuka au haipo, usiweke pete ya kuokoteza, mrudishie wakala mtungi wake. Halafu ncha mbili za mpira wa gesi. Klipu iliyokazwa kupita kiasi hukata mpira sawasawa na ile iliyolegea inavyouachia. Halafu viungo vya nyuzi: ile tepu nyeupe nyembamba ya mabomba ya maji si ya kazi hii, ya gesi ni nene na huwa ya njano. Viungo vya shaba iliyotanuliwa mdomo havitaki tepu yoyote. Ukiizungusha hapo ndipo unapovifanya vivuje. Kiberiti kisikaribie kazi hii. Nimekuta ukuta wenye alama nyeusi ya mtu aliyepima hivyo.

Harufu kali mtungi unapokaribia kuisha, bila povu popote, ina maelezo yake. Kinachonuka ni dawa iliyotiwa kwenye gesi ili tuishtukie, na dawa hiyo hubaki nyingi zaidi kwenye masalia ya chini. Lakini pima kwa povu kwanza, ndipo ujipe maelezo hayo.

Kipimo cha shilingi chache

Dalili nyingi zinazofuata zinahusu presha, na presha haionekani kwa macho. Kuna chombo unachoweza kutengeneza mwenyewe. Chukua mpira mwangavu, ule ule ambao waashi hupimia leveli ya msingi, kama mita moja na nusu. Ufunge kwenye ubao kwa umbo la herufi U, jaza maji hadi nusu ya kila upande, tia matone ya chai ya rangi ili maji yaonekane, na bandika rula katikati. Ncha moja unaiunganisha pale gesi inapoingia kwenye grili, kwa kufungua nozeli ya bana moja (bana ni kile kichwa kinachotoa moto). Ncha ya pili inabaki wazi. Ukifungua gesi, maji yanashuka upande mmoja na kupanda wa pili. Tofauti ya vimo viwili kwa sentimita ndiyo presha kwa milibari. Hesabu inakaribiana mno kiasi kwamba huhitaji kuibadilisha.

Regulata ya kawaida ya nyumbani hutoa milibari 28 hadi 30. Jiko likiwa limezimwa utaona sentimita 30 au kidogo zaidi. Sasa washa bana nyingine zote na vyombo vyote vilivyomo kwenye laini hiyo. Maji yakibaki sentimita 25 au zaidi, jiko linashiba. Yakishuka chini ya hapo, acha kufungua grili. Tatizo liko nyuma.

Onyo moja: usiunganishe ubao huu kwenye laini ya regulata ya presha kubwa, ile ya kuzungusha kwa mkono wanayotumia wakaanga chipsi. Maji yatarushwa na gesi itatoka mbele yako. Na siku zote mtu mmoja akae karibu na vali ya mtungi.

Moto ni mdogo

Swali la kwanza: ni bana moja au zote? Ikiwa moja, chanzo kiko ndani ya bana hiyo: nozeli imeziba, au mafuta ya nyama yamefunga matundu. Isugue kwa brashi ya waya, matundu uyapitishie kijiti cha mti. Nozeli usiichokonoe kwa sindano ya chuma. Ukiipanua hata kidogo umebadilisha kiasi cha gesi na hutarudi nyuma. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni, ipulize.

Zote zikiwa dhaifu tangu mwanzo, soma kibandiko cha chuma nyuma ya grili. Grili nyingi zinakuja kwenye makontena kutoka kwa ndugu walio nje. Iliyotengenezwa kwa ajili ya Ujerumani huandikwa milibari 50. Ukiiweka kwenye regulata yetu ya 30 itababaika maisha yake yote, na hakuna fundi atakayeiponya kwa kuisafisha. Inataka regulata yake, au nozeli zinazolingana na presha ya hapa. Ya Uingereza huandikwa 28 hadi 30 kwa butani na 37 kwa propani, hiyo inakubali. Ya Marekani inayotumia gesi ya mtungi hufanya kazi kwa presha iliyo karibu na yetu, ila mpira na regulata yake haviingii kwenye mitungi yetu, na hapo ndipo watu huanza kuunganisha vipande visivyooana.

Ikiwa moto ni mzuri mpaka unapowasha chombo cha pili, hapo kuna kisa cha Kigamboni. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa uchovu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Wewe ni fundi wa nne." Grili yake ilikuwa ya kilowati kama 14, na pembeni pleti kubwa ya pilau, kilowati 8. Grili peke yake ilichoma vizuri. Sufuria la pilau likipanda, moto wa grili ulilala mpaka ukawa kama mshumaa. Mafundi watatu walibadilisha bana, nozeli, hata grili. Niliweka ubao wa maji: 30 jiko likiwa limezimwa, 27 na grili peke yake, 20 vyote viwili vikiwaka. Tuliufuata mpira kwa mkono. Ulitoka kwenye mtungi, ukapita nyuma ya ukuta wa bustani, ukazunguka nguzo, ukaingia chini ya kaunta: mita 14 za mpira wa milimita 8.

Gesi kwenye njia nyembamba na ndefu husuguana na kuta zake, na msuguano huo hupanda haraka sana kiasi kinapoongezeka. Ukizidisha gesi mara mbili, presha unayopoteza inakaribia mara nne. Tena regulata yake iliandikwa kilo 1.5 kwa saa. Kilo moja ya gesi ikiungua kwa saa moja hutoa karibu kilowati 13, kwa hiyo vyombo vyake viwili, kilowati 22, vilidai karibu kilo 1.7. Njia ilikuwa nyembamba na mlango ulikuwa mdogo. Tuliweka bomba la shaba la milimita 15 njia yote, mpira mfupi usiozidi mita moja na nusu kila mwisho, na regulata ya kilo 4 kwa saa. Ubao ukasoma 28 vyote vikiwaka. Alisimama akiutazama ule moto wa bluu kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini hakuna aliyeufuata mpira. Sikuwa na jibu la kumpa.

Mpira wa gesi umetengenezwa kwa safari fupi inayoonekana. Jua huutia nyufa. Ukunje kwa vidole viwili, ukiona mistari midogo kama kisigino kilichokauka, utupe. Panya wanaupenda. Ukipita ndani ya ukuta au chini ya sakafu huwezi kuuona ukifa. Na bomba la plastiki la maji, hata liwe jipya na limegundishwa vizuri, halibebi gesi.

Umbo jingine la moto mdogo: unaanza vizuri, baada ya nusu saa unafifia, na mtungi unatoka jasho au hata kushika barafu sehemu ya chini. Gesi iliyomo ni kimiminika, na ili igeuke kuwa hewa inavuta joto kutoka kwenye mtungi. Ukiivuta haraka kuliko mtungi unavyoweza kupata joto, unapoa na presha inashuka. Wa pwani huliona hili fraya na grili zikiwaka pamoja kwenye mtungi mmoja mdogo. Wa Njombe, Mafinga au Limuru huliona hata kwa grili peke yake, asubuhi yenye baridi, hasa mtungi ukiwa umebaki robo: propani huchemka kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri na hutangulia kutoka, butani inayobaki huacha kuchemka karibu na sifuri. Dawa ni mitungi miwili inayotoa pamoja, au mtungi mkubwa zaidi. Kuumwagia maji yanayochemka au kuusogeza karibu na makaa si dawa. Wala kuulaza, ukilala, kimiminika chenyewe kinaingia kwenye regulata na moto unaotoka hauzuiliki.

Moto wa njano na sufuria nyeusi

Moto wa njano laini unaoacha masizi unakosa hewa. Kati ya nozeli na bana kuna koo, bomba fupi lenye dirisha pembeni, ambako gesi huvuta hewa kabla ya kuwaka. Jiko la nje likikaa wiki tatu bila kuwashwa, koo hilo huwa nyumba. Buibui hutandaza utando. Nyigu hujenga kwa udongo. Mwezi wa sita nilifungua grili ya baraza moja Bagamoyo, nikatoa kwenye koo moja kijumba cha udongo kirefu kama kidole cha kati, kigumu kama tofali, ndani yake buibui wakavu aliowawekea wanawe. Bana hiyo ilikuwa ikiwaka njano, na moto mwingine ulikuwa ukirudi nyuma na kuunguza kitufe. Vua bana, pitisha brashi ndefu ya chupa, kisha funga madirisha ya hewa kwa wavu mwembamba wa chuma.

Kama koo ni safi, shaka nozeli. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam, Mikocheni kwa mfano, zimeunganishwa na bomba la gesi asilia kupitia TPDC, shirika la mafuta la taifa, na gesi hiyo hutaka nozeli zenye tundu kubwa kuliko za gesi ya mtungi. Grili ya gesi asilia ikiwekwa mtungi hutoa moto mrefu wa njano unaolamba mfuniko. Zima mara moja. Kinyume chake, grili ya mtungi kwenye gesi asilia hutoa moto dhaifu usioivisha kitu. Anayehamia nyumba yenye bomba hilo asihamishe jiko bila kubadilishiwa nozeli.

Lakini cheche za rangi ya chungwa ndani ya moto wa bluu, karibu na bahari, ni chumvi ya hewani tu inayoungua. Usirekebishe chochote.

Moto unavuma, unaruka, unazimika

Moto unaovuma na kuinuka juu ya bana kana kwamba unataka kuondoka umezidiwa na hewa, au na presha. Punguza dirisha la hewa kwanza. Usipotulia, pima: ukiona zaidi ya sentimita 35, regulata imechoka au ni ya presha kubwa. Wenye fraya huunganisha grili kwenye laini ile ile ya presha kubwa ili kuokoa mtungi mmoja. Tafadhali tenganisha, kila presha na mtungi wake na bomba lake.

Regulata za pwani huchoka mapema kwa sababu ya chumvi. Kila regulata ina tundu dogo la kupumulia, na tundu hilo nimelikuta limezibwa na rangi ya ukutani, na udongo wa nyigu, na kutu. Likiziba, regulata haijui tena ikabe kiasi gani. Ifunge ikiwa tundu linatazama chini, juu kuliko vali ya mtungi, ili majimaji ya mafuta yanayotoka na gesi yarudi mtungini badala ya kukaa ndani yake.

Moto unaozimika kila kusi ikishika unahitaji kaunta igeuzwe mgongo kwa upepo au ipate kiambaza. Usizibe pande zote. Utakuwa umerudi kwenye hatari ile ya kabati. Na moto unaowaka ukiwa umebonyeza kitufe, ukakiachia ukafa, tatizo ni themokapo: kijiti kinachokaa ndani ya moto na kushikilia vali wazi kikiwa cha moto. Mara nyingi kimepakwa masizi au kimesogea nje ya mwali. Kisugue kwa msasa laini, kirudishe ndani ya mwali, kaza kiungo chake nyuma kwa vidole na robo ya spana. Hita za nje za Arusha na Nairobi zina pia swichi ya kuzima zikiinama. Kwenye sakafu ya mawe iliyopinda hujizima bila ugonjwa wowote. Kamwe usikifunge kitufe kwa waya kibaki kimebonyezwa.

Gesi inaisha haraka

Pima mtungi kwa mizani siku unapouleta. Uzito mtupu umegongwa kwenye chuma. Toa huo, kibaki 15. Wengi wanaolalamikia bomba walipunjwa dukani.

Uzito ukiwa sawa, jaribu bomba usiku, na ulijaribu kwa hewa, si kwa gesi. Funga mtungi, iondoe regulata, funga vali za vyombo vyote, unganisha ubao wa maji mwisho mmoja na pampu ya baiskeli mwingine, pandisha taratibu hadi tofauti ya sentimita 45, funga. Kwa jaribio hili mpira wa ubao uwe mrefu zaidi. Mchana usifanye: wingu likipita juu ya bomba la shaba, hewa ya ndani inapoa na maji yanasogea, nawe utavunja sakafu ukitafuta tundu lisilokuwepo. Subiri dakika tano hali itulie, andika kipimo, rudi baada ya dakika nyingine kumi. Maji yasiposogea, bomba ni zima, na unavyovitafuta ni vitufe vya jiko visivyofunga vizuri.

Yakisogea na viungo vyote vinavyoonekana havina povu, tundu liko ardhini. Bomba la shaba lililofunikwa kwa zege bila kuvalishwa ganda huliwa na zege lenyewe. Lililo kwenye bustani bila kina cha kutosha hukutana na jembe. Lipitishwe sentimita 45 chini, ndani ya ganda la plastiki, na juu yake kwenye nusu ya kina utandikwe utepe wa njano. Kabla ya kufukia hupiga picha za mtaro ukiwa wazi, futi ikiwa imelazwa kutoka ukutani, namtumia mwenye nyumba, na kumwomba azionyeshe kwa mtunza bustani.